Maandazi Aliyoyaiba Mzee Ndovu

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati kila mnyama alikuwa na jiko lake, mlango wake na jirani wa kumbishia hodi, Mzee Ndovu aliishi katika nyumba pana chini ya kilima cha mawe. Aliishi na Mashavu, Pimbi mdogo asiyezidi ukubwa wa paka.

Mwaka wa mvua kubwa, maji yaliposomba mapango ya kina Pimbi, Ndovu ndiye aliyemwokota Mashavu akitetemeka. Alimfunika kwa sikio lake, akamkatia kipande cha andazi la moto, akamlisha kwa ncha ya mkonga. Tangu siku hiyo wakawa baba na mwana.

Miaka ikapita, Ndovu akashikwa na kisukari. Mguuni akapata kidonda kisichotaka kufunga. Tabibu Korongo akaja, akainamisha shingo yake ndefu, akakitazama, akakiosha, akakifunga kitambaa.

"Mzee, ngano basi," alisema. "Sukari basi. Viazi na mihogo ya kukaanga, basi! Usiposikia, mguu huu utaoza. Na wewe ukianguka, nani katika nchi hii atakuinua?"

"Nile nini, basi? Mawe?"

"Mboga za majani. Mayai. Nazi. Kabeji."

"Hicho ni chakula cha wagonjwa!" Ndovu alinguruma hata vikombe vikagongana kabatini. "Mimi si mgonjwa. Nina kidonda tu."

Jioni wakaja barazani rafiki zake wawili, Nyati na Kiboko, wote wakubwa, wote wenye sauti za ngoma.

"Hoo! Ndovu mzima kupikiwa mchicha!" Nyati alicheka. "Utaota mabawa uruke na Korongo!"

"Mguu ukipata nafuu uje kwangu," Kiboko alisema, akijilamba. "Mke wangu hukaanga maandazi kila asubuhi. Moto moto! Yamevimba kama mimi!"

Ndovu akameza mate. Kutembea hadi kwa Kiboko hakuweza; kula mchicha hakutaka. Mashavu alipomletea bakuli, alilisukuma kwa mkonga. Alipoletewa mayai ya kuchemsha, alifumba macho.

"Baba, kula kidogo tu."

"Nikaangie andazi, mwanangu, au uniache na njaa yangu."

Akaachwa, akashinda na njaa, akalala nayo. Mbavu zikaanza kuonekana, na kidonda kikazidi kuwa chekundu. Mashavu akaenda kukaa nyuma ya pipa la maji, akalia kimyakimya. Alipomaliza kulia, akajipangusa, akasema, "Haya. Machozi hayakaangi kitu."

Akaanza kuwaza. Baba hapendi ngano; nani amewahi kulamba ngano kavu? Baba anapenda harufu ya iliki, anapenda ngozi inayosema *karr!* chini ya jino, anapenda joto. Sasa ni kitu gani kinaweza kuvaa harufu ile na ngozi ile, kisiwe ngano?

Macho yake yakaangukia machicha ya nazi. Mnayajua, wanangu: ukishakuna nazi na kukamua tui, yale makapi meupe yanayobaki hutupiwa kuku. Mashavu akawanyima kuku. Akayaanika machicha juani mpaka yakakauka, akayatwanga, akayachekecha, akapata unga mweupe, laini. Akatia iliki na chumvi kidogo, akakanda kwa maji, akakata pembetatu, akatumbukiza kwenye mafuta.

*Chwaaa!* Maandazi yakasambaratika, yakawa kama mchanga unaochemka.

"Aka!" Mashavu aliruka nyuma. "Hamshikani hata kidogo, nyinyi!"

Akarudia, safari hii akivunja mayai badala ya kutia maji, akaacha unga unywe taratibu, akapunguza moto, maana nazi huungua upesi. Huku akigeuza kwa uma akaimba polepole:

*Geuka, andazi langu, geuka upate rangi,*
*Umponye baba yangu, maneno hataki mengi,*
*Usipasuke, mwenzangu, mayai ndiyo msingi,*
*Atembee tena, Mungu, apande vilima vingi.*

Yakatoka ya rangi ya dhahabu. Akauma moja. *Karr!* Akafumba macho, akajiona mtoto tena, chini ya sikio kubwa, siku ya mvua.

Lakini angempaje? Akisema ni machicha, atasikia, "Chakula cha wagonjwa!" Akisema ni ngano, atakuwa amemdanganya baba yake waziwazi. Mashavu akakuna shavu, akatabasamu.

Akayapanga maandazi kwenye sahani, akayafunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, akaiweka sahani kwenye dirisha la jikoni. Dirisha lile lilitazama uani, na uani ndipo Ndovu alipolala.

"Baba!" alipaza sauti. "Sahani hii ni ya majirani. Wewe usiiguse! Tabibu amekukataza maandazi, na mimi nakukataza pia. Naenda kisimani."

"Nani anayataka?" Ndovu alijibu, akageukia ukuta.

Mashavu akaenda hatua chache, akajibanza nyuma ya pipa.

Punde, *fyuu, fyuu*, pua ndefu ikanusa hewa. Mkonga ukanyanyuka polepole kama nyoka mwenye adabu, ukalifunua kawa, ukachukua moja. *Karr!* Ukachukua jingine. *Karr! Karr!* Sahani ikabaki tupu.

Hapo Ndovu akapata taabu. Mwizi alikuwa, lakini mwizi aliyelelewa vizuri. Katika mji ule sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ni aibu iliyozidi wizi. Akatazama huku, akatazama huku, akaukumbatia kwa mkonga mnazi uliokuwa uani, akautikisa. *Puu!* Nazi ikaanguka. Akaiweka juu ya sahani, akaifunika kawa vizuri, akalala, akakoroma kwa makusudi.

Mashavu akarudi, akafunua, akaona nazi. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Loo!" alisema kwa sauti. "Maandazi yamegeuka nazi! Huenda ni majini. Itabidi nikaange mengine kesho."

"Majini wabaya sana hao," Ndovu alisema kutoka usingizini.

Basi ikawa hivyo kila siku. Mashavu aliikuna ile nazi, tui akaungia mboga, machicha akayafanya unga, akakaanga, akakataza, akaenda kisimani. Ndovu akaiba, akaacha nazi. Mashavu akaanza kubadilisha: papai bichi akalimenya, akalikata vijiti, akalikausha kwa kitambaa, likatoka mafutani kama chipsi za kiazi. Nyama ya sambusa akaifungia ndani ya mayai yaliyomiminwa kikaangoni mpaka yakawa membamba kama karatasi. Yote yalikatazwa vikali. Yote yaliibwa.

Na Korongo aliendelea kukiosha kidonda. Kidonda kikaanza kupauka, kikajikunja pembeni, kikafunga. Asubuhi moja Ndovu akasimama, akakanyaga, akakanyaga tena kwa nguvu. *Ndi! Ndi!*

"Nimepona!" alipiga tarumbeta. Nyati na Kiboko wakaja mbio. Mbele yao na mbele ya Tabibu, aliyekuja kukiangalia kidonda, Ndovu akajipiga kifua.

"Korongo, dawa zako peleka kwa ndege wenzako! Ulinikataza maandazi, nami nimeyaiba kila siku chini ya pua ya binti yangu. Maandazi ndiyo yaliyoniponya! Kiboko, mkeo amekaanga?"

"Kikapu kizima!" Kiboko alisema. "Na mihogo. Na chai ya sukari tele."

"Twende!"

Mashavu akakimbia, akapenya katikati ya miguu yao mikubwa, akasimama mlangoni akiwa amenyoosha mikono, na mlango ule ungeweza kumeza Pimbi mia.

"Baba, usiende! Nisamehe. Hukula maandazi ya ngano hata moja."

"Unasemaje?"

"Yalikuwa machicha ya nazi na mayai. Chipsi zilikuwa papai bichi. Sambusa zilifungwa kwa mayai, si kwa ngano. Nilikukataza ili uyaibe."

Nyati akaangua kicheko. "Ha! Ndovu kalishwa chakula cha kuku!"

Ndovu hakucheka. Masikio yake yakalegea. "Na nazi," aliuliza polepole, "nazi hizo ulizitoa wapi?"

"Kwenye sahani, Baba. Ulizoniachia wewe."

Ndovu akautazama mnazi wake, uliobaki na makuti tu. Akautazama mguu wake. Akamtazama kiumbe yule mdogo anayetetemeka mlangoni, kama alivyotetemeka siku ile ya mvua.

"Kumbe nilikuwa nikijiibia mwenyewe," alisema. "Na mimi nikijiuliza mbona dirisha halifungwi hata siku moja! Nikasema, binti yangu ana akili, lakini ni msahaulifu."

Akapiga goti, akashusha sikio lake, akamfunika Mashavu.

"Kiboko, ndugu yangu, mshukuru mkeo. Kikapu chake kuleni nyinyi."

"Na wewe?" Kiboko aliuliza, akinusa kuelekea jikoni. "Hayo ya machicha... ni matamu kweli?"

"Kaibe ujue!" Ndovu alisema, na hata Korongo akacheka.

Chini ya sikio, sauti ndogo ikasema, "Kesho nitakuwekea mezani, Baba."

"La, mwanangu. Niwekee dirishani, unikataze kwa ukali, kisha uende kisimani. Ila nazi zimekwisha. Kesho nitakuachia mapapai."

Hadithi yangu naifunika kawa hapa, wanangu, na chini yake nimewaachia neno hili: ampendaye mgonjwa hamnyimi anachokipenda, humpikia upya.