Kibuyu Kitupu Siku ya Ubatizo

Nimetumiwa hii na mwenzangu wa kwaya, nikaona nisiile peke yangu. Soma taratibu, halafu mpelekee unayempenda.

Kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini, kilikuwa na katekista aitwaye Kasiani, mzee mpole ambaye hata mbuzi wa jirani walimfuata. Huko walikuwa na desturi yao: kila anayebatizwa Pasaka huja na kibuyu cha maji ya nyumbani kwake, ili aoshwe kwa maji yale yale anayopikia.

Kati ya wanafunzi wake wa ubatizo alikuwamo Nyamizi, mama mjane. Huyu alichelewa darasani kila mara, miguu imejaa vumbi. Kasiani alipomuuliza, akaeleza kuwa anafuata maji ng'ambo ya kilima. Chemchemi ya kijiji ilikuwa imezungushiwa uzio na Mwenyekiti wa kigango, Bwana Egidi, inywewe na ng'ombe wake tu.

Kasiani akaguna. Egidi ndiye aliyeliezeka kanisa kwa bati, nani amguse? Akamwambia mama wa watu avumilie, mbinguni maji ni tele. Jamani, Kasiani naye!

Pasaka asubuhi, mbele ya Padre, wenzake Nyamizi wakatoa vibuyu vimejaa. Cha Nyamizi kilikuwa kitupu. Watu wakaanza kunong'ona. Alijua anaweza kurudishwa nyumbani bila ubatizo alioutamani kwa moyo wote. Akakiinua kile kibuyu, akasema:

"Padre, maji ya nyumbani kwangu yako ndani ya uzio wa Mwenyekiti."

Padre akamgeukia katekista wake, akamuuliza kama alilijua hilo.

Machozi yakamlengalenga mzee wa watu. "Nililijua, Baba. Nimemfundisha sala zote, Habari Njema yenyewe nikamficha." Akaenda kusimama kando ya Nyamizi, akasema kama huyu atarudi nyumbani bila ubatizo, basi na yeye avuliwe ukatekista.

Egidi akainuka, akakichukua kile kibuyu, akatoka. Watu wakajua kanuna, amekwenda zake. Kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka.

Mara huyo anaingia, jasho linamchuruzika. Mkononi ana kibuyu kimejaa. Begani amebeba lango la uzio, kaling'oa mwenyewe.

Akalitua chini, akapiga magoti. "Padre, nibatize na mimi upya."

Padre akacheka kwa upendo. "Ubatizo haurudiwi, Mwenyekiti. Wako ndio umekolea leo."

Nyamizi akabatizwa, na vigelegele vikasikika hadi ng'ambo ya kile kilima. Lile lango lilipigiliwa miguu, sasa ndilo benchi la darasa la Kasiani. Kwenye sala za jumuiya hapo darasani siku hizi Nyamizi hufika wa kwanza, na Egidi humtania kwamba anawahi benchi lake.

Funzo: Ukimhubiria mwenye kiu habari za mbinguni huku umeunyamazia uzio wa chemchemi, bado hujamhubiria. Habari Njema ikifika kweli, lango hung'oka, na aliyelifunga naye huwa huru.