Shule Ambayo Hakuna Aliyefeli

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kengele, pakawa vumbi, pakawa wazazi wanaoulizana, "Wako anasoma wapi?"
Haya, sogeeni. Atakayesinzia atarudia darasa.

Hapo kale, yaani juzi tu, pale mji unapoishia na mihogo inapoanzia, palikuwa na shule mbili za serikali. Moja Bwawani, ya pili Kichuguuni. Zilitazamana, barabara katikati.

Bwawani ilikuwa na geti. Jamani, geti! Jeusi, juu lina mikuki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Kichuguuni haikuwa na geti. Ilikuwa na Mwalimu Kobe tu, na shamba la maboga ambalo wazazi walililima wenyewe ili watoto wale mchana.

Mwenyekiti wa kamati ya Bwawani alikuwa Kiboko. Kila siku Kiboko alisimama getini akitazama ng'ambo. Pu, pu, pu, anakwenda. Pu, pu, pu, anarudi. Mate yanamtoka, chururu.

"Maboga yale yanateseka," alimwambia mkewe. "Yameota kwenye shule isiyo na hadhi."

Akaenda kwa Mkaguzi Twiga. "Mkaguzi, shule zilinganishwe! Yenye waliofeli wachache ipewe shamba."

Twiga alikuwa mkaguzi hodari sana. Ila shingo haikumruhusu kuingia madarasani, kwa hiyo miaka kumi na miwili alikuwa akikagua mapaa. Akaandika tangazo, akagonga muhuri. Pwaa!

Wazazi walisoma mstari wa kwanza, wakapiga mbio kuomba nafasi Bwawani.

"Wanangu nimeshawahamisha," alisema Bi Swala. "Shule ina geti, shoga! Wewe unangoja nini?"

Aliyeulizwa alikuwa Nguchiro, kanyama kadogo, mama wa watoto sita, wote wa Kichuguuni. Nyumbani kwake chakula cha mchana hakikuwepo. Boga la shule ndilo lililokuwa chakula. Usiku ule alilala akiwahesabu mbavu wanawe. Asubuhi akaenda kulisoma tangazo mpaka chini kabisa, kule ambako wazazi huwa hawafiki. Akacheka peke yake.

Jumatatu akamwendea Kiboko getini Bwawani, kimya kimya, mkia juu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuhamisha?"

"Nimekuja kukupongeza, Mzee. Ila hawa watoto wa Ngiri watakuangusha. Wanaandika huku wamepiga magoti, na daftari wanalichimba."

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena, maana mara ya kwanza haikutosha. Kengele ikalia, nge-nge-nge! "Ngiri nje!"

Ngiri wakavuka barabara, kila mmoja na dawati lake, kwani kila mzazi alikuwa amechangia la mwanawe. Kwaru, kwaru, kwaru.

Jumatatu ya pili Nguchiro akaja, kimya kimya, mkia juu.

"Shikamoo, Mzee. Hawa Swala watakuangusha. Swali la kwanza tu, wameshakimbia."

Nge-nge-nge! "Swala nje!" Kwaru, kwaru, kwaru.

Jumatatu ya tatu: "Nyani watakuangusha, Mzee. Kwenye mtihani wanaiga mpaka jina la jirani."

Nge-nge-nge! "Nyani nje!" Kwaru, kwaru, kwaru.

Jumatatu ya nne Nguchiro akaja, mkia chini.

"Sema," akasema Kiboko.

"Naona haya, Mzee. Ni kijana wako. Majaribio ya juzi alipata tisa. Tisa kwa mia."

"Yule ni damu yangu!"

"Ni kweli, Mzee. Damu ni damu. Lakini boga nalo ni boga."

Kiboko akalia. Alilia kwa jicho moja; la pili lilikuwa linatazama shamba. "Nje," akasema.

Mtoto wa Kiboko akavuka barabara ameinamisha kichwa. Mwalimu Kobe akampokea. "Karibu, baba. Kaa huku, hapa paa halivuji. Umekula?" Mtoto akatikisa kichwa. Akapewa kipande cha boga, akala huku machozi yanamdondokea.

Sasa Bwawani alibaki Kanga peke yake, anayepata mia kwa mia. Siku mbili akavumilia. Siku ya tatu akauliza, "Mwenyekiti, nitaruka kamba na nani?" Kiboko akatazama maboga. Kanga akajitwika dawati, naye akavuka.

Kiboko hakumzuia. "Asiyekuwepo hafeli," akasema, akajipongeza kwa akili.

Siku ya mtihani ikafika. Twiga akachungulia dirishani Bwawani.

"Waliofeli?"

"Hakuna!" Kiboko alijibu, kifua mbele.

Akachungulia Kichuguuni. "Waliofeli?"

"Kumi na tisa," alisema Mwalimu Kobe taratibu. "Mwezi ujao watakuwa wachache."

Twiga akatangaza, "Bwawani ya kwanza!" Vigelegele! Kiboko akapewa kombe, akalitupa majanini, akakimbilia shambani. Pu-pu-pu-pu!

Njiani kasimama Nguchiro. "Mkaguzi, tunaomba utusomee mstari wa mwisho."

Twiga akainama, akasoma: "Maboga yataliwa na wanafunzi wa shule iliyoshinda, na si mtu mwingine yeyote."

"Wanafunzi wake wangapi?"

Twiga akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. "Hakuna."

"Basi watakula mangapi?"

Twiga akapiga hesabu muda mrefu. "Hakuna," akasema. "Shamba libaki lilipo." Pwaa!

"Na mimi?" Kiboko akauliza kwa sauti ya mtoto.

"Wewe unasoma darasa la ngapi?"

Kesho yake asubuhi Kiboko alikuja Kichuguuni na kaptula ya shule, akaandikishwa darasa la kwanza. Akakaa karibu na mwanawe. Dawati, kah! Akakaa sakafuni. Mwana akamsogezea daftari. Saa saba mchana akapewa boga lake: kipande kimoja, sawa na wenzake.

Na funzo, ndugu zangu: shule bora ni ile anayoisifu jirani. Usiingie ndani kuangalia, utachanganyikiwa bure. Na ukikuta mwalimu anamjua mwanao kwa jina, hamisha haraka. Hapo kuna jambo.

Hadithi imefika ukingoni, utamu umebaki kwenu, uongo narudi nao nyumbani. Mwenye malalamiko aandike barua, ipitie kwa mwalimu mkuu.