Kisima Nilikikuta Wazi

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Watoto mbele, wakubwa nyuma. Na nyie wakubwa msijifanye mnasinzia, hadithi hii ni yenu zaidi. Ina hasira. Kila nikiisimulia moyo hunichemka.

Hapo zamani za kale, jua liliwaka, likawaka, likawaka, mpaka mto ukawa mchanga mtupu. Wanyama wakachimba kisima. Ngiri alichimba kwa pua, Nungunungu kwa kucha, Nyani akatoa mchanga kwa viganja. Siku ya saba maji yakatoka. Lakini kisima kilikuwa kirefu, na mdomo wake ulikuwa sawa na ardhi, hauna ukingo. Wakasema, watoto watatumbukia humu. Wakakata tawi kubwa la miiba, wakalilaza juu yake. Wakaweka sheria moja tu: afunguaye ndiye afungaye.

Na sheria hiyo waliipenda! Kila asubuhi walikusanyika uwanjani kwa Ngiri, mkubwa wao.

"Afunguaye?" Ngiri anauliza.

"Ndiye afungaye!" wanaitika wote, na miguu chini, du! du! du!

Kwa kuitika hawakuwa na mpinzani. Kisha kila mmoja akashika njia yake, na sheria ikabaki pale pale uwanjani inaota jua.

Bi Nungu, huyo Nungunungu, alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa jirani na kisima. Kila akienda kuchota, kisima ki wazi. Leo wazi, kesho wazi. Kila siku aliliburuta tawi, kwaru, kwaru, kwaru, linamchoma pua. Na kila siku miiba ya mgongoni mwake ilisimama kwa hasira, cha! cha! cha!

Siku moja akamfuma Nyani anaondoka na buyu lake kichwani.

"We Nyani! Tawi!"

"Aa, leo tu, Bi Nungu. Nina mgeni nyumbani."

"Na jana?"

"Jana mgongo uliniuma."

Siku ya pili akamfuma Ngiri mwenyewe. Ngiri, ambaye angelisukuma tawi lile kwa pua mara moja tu likarudi mahali pake!

"Shikamoo, mzee. Afunguaye?"

"Marahaba. Ndiye afungaye!" Akaitika vizuri kabisa, huku anakwenda zake.

"Sasa tawi, mzee?"

"Narudi sasa hivi."

Mpaka leo hajarudi, huyo. Tena wakamcheka mama wa watu. Bi Nungu ana gubu! Bi Nungu hana kazi! Mimi ningewararua.

Ikafika siku moja, adhuhuri. Bi Nungu akaja na buyu lake. Kisima ki wazi, kimeachama. Akalishika tawi. Akasimama. Moyo ukamwambia: kwa nini wewe? Wewe ni mtumwa wao? Akaliachia likaanguka, pwa!

"Sifuniki! Ng'o! Siku moja watakiona cha mtema kuni, ndipo wapate akili!"

Hakuchota hata tone. Akarudi nyumbani na miiba yake, cha! cha! cha!

Haukupita muda, akaja Mama Digidigi na mwanawe Kitete. Kitete alikuwa mbele, anaruka, anacheza. Hop! Hop! Hop!

Tubwi!

"Mwanangu! Uwii, mwanangu!"

Wakaja mbio. Nyani akashuka kwa kamba, akampandisha. Kitete alikuwa hai, ila mguu wake wa mbele ulining'inia. Mama Digidigi akauangalia ule mguu.

"Sina pembe," akasema. "Sina meno makali. Sina miiba. Mungu alitupa mbio tu. Chui akija, mwanangu atakimbia na nini?"

Ngiri akaita mkutano. Mikutano alikuwa anaijua!

"Nani amekiacha wazi?"

"Mimi nilikikuta wazi," akasema Nyani. "Sikukifungua mimi, sheria hainihusu."

"Nilikikuta wazi," akasema Fisi.

"Nami pia nilikikuta wazi," akasema Pundamilia.

"Hata mimi mkubwa wenu," akasema Ngiri, "nilikikuta wazi."

Basi kilijifungua chenyewe! Mnawasikia?

"Bi Nungu hatumuulizi," Ngiri akaendelea. "Yeye siku zote hufunga."

Bi Nungu angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini miiba yake ililala, yote, mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Akamwendea Mama Digidigi.

"Mama Kitete, na mimi nilikikuta wazi. Tawi nililishika kwa mikono hii. Nikaliachia kwa makusudi. Nilitaka hawa wapate adabu, na aliyeumia ni mwanao."

Mama Digidigi akamtazama sana.

"Hawa nawajua," akasema. "Wewe ndiye niliyekutegemea. Kwa ajili yako nilimwacha mwanangu atangulie."

"Mkosaji amepatikana!" Ngiri akapiga kelele. "Mkutano umekwisha!"

"Amepatikana!" wakaitika wote, wamefurahi, tayari kwenda kula. Du! du! du!

Cha! Miiba ya Bi Nungu ikasimama.

"Nyamazeni! Langu nitalibeba. Tangu leo Kitete atatembea ubavuni mwangu, na chui akija ataanza na miiba hii. Lakini nyie wote mlipita pale. Hakuna kipofu hata mmoja hapa!"

Na Mama Digidigi akasema, "Sheria yenu itupeni. Aonaye wazi ndiye afungaye. Na nawaombeni msiiimbe."

Asubuhi yake Ngiri akasimama uwanjani. "Afunguaye?" Kimya. Akaita tena. Kimya. Ila kule kisimani kulisikika kwaru, kwaru, kwaru. Alikuwa Kitete, kwa miguu mitatu, analivuta tawi kwa meno, na Bi Nungu kando yake. Ngiri akainamisha kichwa. Akaenda, akalisukuma kwa pua. Mara moja tu, likafika.

Basi shikeni. Wema wa kuitikia uwanjani hauna kazi. Wema ni pale ulipo peke yako, una haraka, una hasira, na tawi liko mbele yako. Na kusema "nilikikuta hivyo" si kujitetea, ni kukiri kwamba uliona.

Hadithi yangu naifunika hapo. Sasa inukeni. Pipa la maji pale mlangoni li wazi, na watoto wanacheza. Nyie wote mmelipita mkiingia. Na mimi nimelipita.