Jina la Vyumba Viwili

Mwenye mwiko autue, mwenye usingizi aukunje, nisikilizeni.

Zamani kidogo, kabla simu hazijajua picha, palikuwa na majirani watatu Lamu. Nargisi alikuwa na jicho; kasoro haikumpita. Shee alikuwa na mkono. Kompyuta aliyoishika ilifundishika. Twalib alikuwa na ulimi, waliogombana aliwapatanisha.

Bi Mwanaesha, mshonaji kofia, alikuwa na hamu tu. Binti yake Ummukheri aliolewa Uchina, akazaa mtoto wa kiume huko. Bibi hakuwahi kumpakata. Alimshonea kofia, akaacha nafasi upande wa mbele ya kushonea jina lake kwa herufi za Kichina, maandishi ya ubabani.

Barua za binti zilitumwa kutoka kompyuta ya mumewe kule Uchina, zikasomwa kwenye kompyuta ya marehemu Famau, mume wa Bi Mwanaesha: kuukuu, kioo cheusi, maandishi matupu. Kioo kiligawanywa vyumba sawasawa, kila herufi chumba chake. Jina lilipofika, bibi alishika sindano, akatazama, akaiweka chini. Herufi zilikuwa zimelaliana, moja imeifunika nusu ya mwenzake.

"Wamemkata mjukuu wangu," alisema. "Atakayenionyesha jina zima, ndiye atakayempa mtoto jina la nyumbani."

Kwao, jina la nyumbani hulitoa bibi, na hushonwa ndani ya kofia, linapogusa utosi. Lakini mwenye hamu haangalii anachoahidi.

Nargisi alisogeza uso kiooni mpaka pua ikagusa. "Hakikukatwa kitu, bibi. Herufi za kule ni pana, zimebanwa. Kila moja yataka vyumba viwili."

"Na zetu?"

"Zetu kimoja chazitosha. Ukizipa viwili zitapwaya kama kanzu ya kuazima."

Shee akakaa, akaifundisha kompyuta: herufi za huku kimoja, za kule viwili. Jina likapanuka. Bibi hajamaliza kushukuru, mistari ikavurugika, na mwisho wa jina ukatupwa pembeni.

"Umeiharibu, Shee!" bibi akamaka.

"Mimi? Kompyuta ya mkweo ndiyo inayopanga mistari kabla ya kutuma, na bado inahesabu kimoja!"

Ikabaki kazi ya Twalib. Alimpigia simu mkwe, wakabishana kwa Kiswahili kibovu na Kiingereza kibovu zaidi. Mkwe alishikilia kwamba kompyuta yake haina kosa. "Haina," Twalib akakubali, "ila bibi hamwoni mjukuu." Kisha mkwe akaibadilisha yake: herufi za Kichina zikahesabiwa viwili huku, viwili kule.

Jina likasimama zima. Bi Mwanaesha alilishona bila kuinua kichwa.

Asubuhi walikuja wote watatu.

"Bila jicho langu mngetengeneza nini?" alisema Nargisi. "Aitwe Shebwana, kama babu yangu."

"Jicho halishoni," alisema Shee. "Aitwe Omari, kama baba."

"Na kazi yako si ililala pembeni mpaka nilipoiamsha?" alisema Twalib. "Aitwe Twalib. Kwa nini niende mbali?"

Wakacheka. Bi Mwanaesha hakucheka. Aliigeuza kofia, akaitazama nafasi ya ndani. Tangu Ummukheri aliposhika mimba alikuwa akilitunza jina moja, na hakuna aliyelitaja: Famau.

Kofia inaondoka kesho. Uzi umo sindanoni.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: ni nani ampe mtoto jina, mwenye jicho, mwenye mkono au mwenye ulimi? Au bibi aivunje ahadi yake? Sindano ingekuwa mkononi mwako, ungeshona lipi?