Mwalimu Mkuu Aliyehamisha Ofisi

Wapendwa, nisameheni mapema: mfano huu nitauharibu. Mke wangu anausimulia vizuri kuliko mimi, ndiyo maana leo nimempanga akafundishe watoto kule nyuma. Sitaki mtu wa kunisahihisha, achilia mbali wa kuchekesha kunizidi.

Kulikuwa na walimu wakuu wawili, bwana mmoja na mama mmoja, shule zao zikitenganishwa na uwanja wa mpira. Zote zilijaa utoro na ngumi. Mara shule ya mama ikatulia. Wazazi wakaanza kuhamishia watoto huko. Bwana akawa anawatazama dirishani wakivuka uwanja na mabegi yao, chai yake inapoa mezani. Mnaujua wivu huo? Msinikodolee macho kama malaika!

Akamwendea. "Mwenzangu, una mganga?"

"Mganga wa nini, mwalimu? Nilichora ramani ya shule chini, nikaondoka. Kila mtoto akaweka jiwe mahali anapoogopa. Mawe yakajaa nyuma ya vyoo. Kumbe wakubwa wanawapiga wadogo kule. Nikamhamishia mwalimu wa zamu huko. Wale wakubwa nao nikakaa nao, nikawasikiliza."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Bwana akarudi mbio. Kesho yake mstarini akachora ramani kubwa kuliko ya mama, maana wivu haukubali sare. Akasimama katikati yake na fimbo. "Haya, wekeni mawe! Kwa uhuru kabisa!"

Hakuna aliyeweka hata changarawe.

"Mnaona? Shule yangu haina hofu!"

Msaidizi wake akamnong'oneza, "Mkuu, hebu sogea kidogo." Bwana akaenda kunywa chai. Kurudi, mawe yote yamerundikana kwenye ramani, mlangoni pa ofisi yake.

Unadhani alitubu? Thubutu! Alihamisha ofisi. Meza, kabati, bendera, vyote mpaka ng'ambo, karibu na stoo. Akachora upya, akaondoka, akarudi. Mawe yamehama naye.

"Hawa wametumwa na yule mama!"

Msaidizi akauliza taratibu, "Mkuu, ulipohama, fimbo uliiacha kule?"

Kabla hajajibu, akaona mtoto mwingine anavuka uwanja, begi mgongoni. Alikuwa binti yake mwenyewe.

Wapendwa, sisi tunamwonea jirani wivu kwa nyumba yake kutulia. Mbona masikio yake hatuyaonei wivu? Tunamuuliza mtoto, "Una shida gani?" na mkanda tumeushika. Aseme nini? Akikosea tunajua haraka anastahili viboko vingapi. Anaogopa nini, nani ameuliza? Na akithubutu kutuambia, tunatafuta aliyemtuma.

Mimi nimejifunza. Nilimtuma mzee wa kanisa akawaulize waliotuhama, wakaenda kujaza kanisa la ng'ambo ya barabara. Jana kaniletea majibu. Wote, bila kupeana habari, wamesema mahubiri ni marefu mno.

Basi nimesikia, na nimechukua hatua: kuanzia Jumapili ijayo, kwaya ipunguze nyimbo.