Pumzi ya Bi Sikudhani

Mpo? Itikeni mmoja mmoja nizijue sauti zenu, maana ngano hii haipendi mgeni.

Palikuwa na Bi Sikudhani, mjuzi wa akwamarini, jiwe lenye rangi ya bahari. Siku moja mwanamume mzuri ajabu akaja kumposa bintiye, na mahari yake mawe matatu. Binti kwa furaha akakimbilia kupaka hina.

Bi Sikudhani akaligeuza la kwanza juani. "Hili limezidi ukijani."

Akaligeuza la pili. "Hili limepauka kama maji ya mchele."

La tatu lilikuwa buluu tupu, halina hata doa.

"Hilo je, mama?" mgeni akauliza.

"Kilichotoka ardhini hakikosi kovu," akajibu, akalipulizia pumzi. Kwenye jiwe la kweli ukungu huondoka papo hapo. Ule ukakaa, ukakaa, ukakaa.

"Hiki kioo, baba."

"Kumbe nimetapeliwa!" mgeni akacheka.

Bi Sikudhani akamkagua. Hana kovu, hana chunusi, hata visigino havina ufa.

"Una vumbi jichoni, mwanangu. Sogea nikupulizie."

Akampulizia. Ukungu ukatanda usoni, ukakaa, ukakaa, ukakaa. Mama akanyakua mchi, akapiga! Zimwi likavunjika vipande vipande, na kila kipande kikainuka kikakimbia na njia yake.

Havijapatikana hadi leo. Nami niliwaita, mkaitika wote, isipokuwa wewe uliyeketi hapo mlangoni, uso unang'aa.

Una vumbi jichoni. Hebu sogea nikupulizie.