Jemadari wa Lango na Jini Aliyetoa Ushahidi

Alipotawala Sultani Nofali bin Sarahani katika mji wa Zumburuji, ilitoka amri ya kupiga marufuku biashara ya watu, na amri yenyewe ilikuwa njema, ila walioiandika hawakuwahi kusimama langoni hata siku moja. Ilisema kila atakayekutwa katika biashara hiyo atiwe gerezani. Na askari, maskini ya Mungu, wakamkamata aliyeuza na aliyeuzwa pamoja, na jemadari wao Mbwarahaji akajiona mchapakazi kwelikweli.

Asubuhi moja akaingia tajiri Gharibu na msichana aitwaye Mwanakheri. Kwa desturi ya mji ule mwanamume huulizwa langoni naye hujibu kwa niaba ya wote alioongozana nao, na Gharibu akasema huyu ni mpwa wake. Lakini Mbwarahaji aliona miguu ya binti imechubuka na mjomba kavaa makubadhi mapya, na moyo ukamkataa. Akavunja desturi, akamketisha binti pembeni, akamuuliza mwenyewe.

"Nikisema kweli utanifunga," Mwanakheri akamjibu. "Dada yangu alisema, na hadi leo yumo gerezani mwako."

Jemadari aliona haya, haya ya kweli. Akawapeleka wote wawili mbele ya Sultani, akapiga magoti.

"Ewe maulana, sheria yako imenifanya mtumishi wa wezi. Aliyeuzwa hana hatia. Ukiona nimekosa, nivue upanga huu."

Sultani akakiri kwamba hilo hakulifikiria, na akaamuru iandikwe upya: achukuliwaye bila ridhaa yake, awe yeyote, ni huru. Gharibu akatabasamu, akauliza shahidi yuko wapi.

Hapo pete iliyokuwa kidoleni mwake ikafuka moshi, na jini mkubwa akatokea, akainama kwa adabu.

"Na mimi sheria hiyo yanihusu? Maana nilinaswa siku ya harusi yangu, nikafungwa ndani ya pete hii."

Jemadari akamjibu kwamba sheria haikubagua. Basi jini akasimulia yote, mabinti wangapi na wa wapi, na Gharibu akaenda gerezani peke yake. Jemadari akafungua milango ya gereza kwa mkono wake, na dada yake Mwanakheri alipotoka akamwambia jemadari kuwa amechelewa mno. Naye akaomba radhi.

Jini akarudi kwao akamwoa mchumba wake, na akaleta johari tele, mabinti wote wakagawiwa. Nao wakaolewa na waliowataka. Na ingawa kwa mwari kunyamaza hutosha, kadhi alipowauliza ridhaa zao, kila mmoja alijibu kwa sauti.